Mlingoti Uliozima Kaskazini

1

Tangu maji yaanze kupanda, ndege waitwao sululu hawakuwa wametulia, na Haluwa Ngonyo aliomba kimoyomoyo wageni wake wasilione jambo hilo.

Aliwatangulia kwenye daraja la mbao lililopita katikati ya mikoko. Walikuwa wachache, wenye viatu vipya na darubini nzito, nao walinyata kama walivyoagizwa. Mikoko ilipokoma, uwanda wa tope wa Chanamamba ukafunguka mbele yao, umejaa ndege kutoka kwenye nyasi za chumvi hadi ukingoni mwa maji. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya ukili akashika kifua.

“Na huu ni mwezi wa Mei!” alisema. “Kila ghuba niliyoitembelea mwezi huu sikukuta kitu. Kaa na tope tu.”

“Hapa kwetu ndege hawana haraka, Mama,” Jefwa alimjibu. “Wamepazoea. Wengine tumekwisha kuwaozesha.”

Wageni wakacheka. Jefwa alikuwa mdogo wa mumewe Haluwa, na mwenzake katika kazi ya kuongoza wageni. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kijiji, cheo alichokivaa kama shati la kuazima: kwa fahari, na kwa hofu ya kulichafua.

Haluwa akaonyesha kwa kidevu. Waongozaji wa Chanamamba hawanyoshi kidole, kwa kuwa mkono ukiinuliwa huweza kurusha kundi zima. “Hao wenye mdomo mrefu uliopinda ndio sululu,” alisema. “Wadogo wanaokimbia miguuni mwao ni vitwitwi. Wote huzaa mbali sana kaskazini, kwenye nchi za theluji.”

“Huzaa lini?” aliuliza mwanamke wa kofia.

“Mwezi wa Juni.”

“Sasa hawa watafika lini?”

Jefwa akaingilia kati. “Mama, hao wana mabawa. Wewe umeletwa na gari, na bado umechelewa.”

Wageni wenzake wakacheka tena, lakini mwanamke wa kofia hakucheka. Alikuwa ameinua darubini. “Mbona wanazunguka?” aliuliza.

Sululu walikuwa wakizunguka kweli. Ndege alipiga hatua chache za haraka, akainua kichwa, akakunjua mabawa, akaruka kimo cha goti, akaanguka, akageuka, akaanza upya. Jirani yake alifanya vivyo hivyo. Nyayo zao zilikuwa zimechimba miduara kwenye tope, mduara juu ya mduara, kama njia ya ngamia anayezungusha kinu cha mafuta.

“Wanajinyosha,” alisema Haluwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alishangaa jinsi ilivyokuwa ya kawaida.

Nyuma ya kibanda cha kutazamia, mlingoti mwembamba ulisimama juu ya mikoko, na kichwani mwake palikuwa na taji la nyaya za shaba. Haukutoa sauti wala mwanga. Wageni wengi waliudhani wa simu.

Sheria ndiyo iliyouzaa. Bahari ilipopanda na kumeza miji ya chini, nchi kavu ilipungua, na kila kinamasi kikatakiwa kuonyesha faida yake. Kilichokuwa na ndege kiliachwa. Kisichokuwa na ndege kilikabidhiwa Mamlaka ya Kingo, nayo ikakijaza kifusi na kujenga maghorofa ya watu waliohamishwa. Ukaguzi uliwekwa mwezi wa Mei, kwa sababu mwaka wa serikali hufungwa Juni na wakaguzi hutakiwa kumaliza safari zao kabla. Walioitunga sheria hiyo hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu kwamba ikifika Mei ndege wa kaskazini huwa wamekwenda zao. Kijiji kiliomba ukaguzi uhamishiwe Januari. Kikajibiwa kwamba ombi limepokewa.

Ndipo Haluwa, aliyesomea chuoni jinsi ndege wanavyojua njia, alipokuja na wazo lake. Jicho la ndege anayehama huona kitu ambacho jicho la mtu halikioni: usumaku wa dunia, uliotanda mbele yake kama kivuli chepesi kinachoelekea kaskazini. Mlingoti ulirusha mawimbi dhaifu ya redio yaliyokivuruga kivuli hicho katika ghuba nzima. Ndege aliyesimama ndani ya mawimbi aliiona kaskazini kila upande, au hakuiona popote. Hakujua pa kwenda, kwa hiyo alibaki. Sheria haikuukataza mlingoti, maana haikuujua.

Ulikuwa na funguo mbili. Mmoja alikaa nao Haluwa, wa pili alikaa nao mwenyekiti, na bila zote mbili haukuwaka wala haukuzimika. Kijiji ndicho kilichotaka hivyo. Kitu kinachowahifadhi wote, walisema, kisiwe mkononi mwa mmoja.

2

Wageni walipoondoka, Haluwa alimkuta sululu amenasa kwenye nyaya zinazoushikilia mlingoti. Alimfunika kwa leso, akamnasua, akamwingiza kwenye chumba cha nyuma cha kibanda. Jefwa alikuwa pale akifuta lenzi za darubini za kukodisha.

“Mfu?”

“Mzima. Sogeza taa.”

Alimlaza chali katika kiganja na kumpuliza kifuani. Manyoya yakagawanyika. Chini ya ngozi palionekana mafuta mazito ya manjano, yamejaa mpaka kwenye shimo la koo. Ndege huyu wa miguu mirefu, ambaye kwa kawaida ni mifupa na kelele, alikuwa mzito kama embe. Moyo wake ulipiga mbio chini ya kidole gumba cha Haluwa.

“Amenona,” alisema Jefwa. “Si vizuri?”

“Amenonea safari. Amefunga mizigo, Jefwa. Kila kitu mwilini mwake kinamwambia aondoke.” Aliyafunika tena yale manyoya kwa ncha ya kidole. “Nilidhani ndege asiyeiona kaskazini hupoa. Niliwaambia hivyo kwenye baraza, mbele ya watu wote. Sikuipoza hamu yake. Nilichomwondolea ni njia.”

“Shemeji, usianze. Mkaguzi anashuka kesho.”

“Alitakiwa aje mwanzo wa mwezi.”

“Amechelewa, sisi tumemchelewesha? Atakaa kutoka bamvua hii hadi bamvua ijayo, wiki mbili nzima, ahesabu kila maji yanapojaa. Akipanda gari, tunazima. Kama mwaka jana. Kama mwaka juzi.”

“Mwaka jana tulizima, wakaenda. Wakarudi mwezi wa nane. Unajua nimekuwa nikitafuta nini tangu mwezi huo wa nane?”

“Nitajuaje? Wewe hutafuta vitu vingi.”

“Mtoto. Sululu mchanga mmoja tu. Mdomo wake huwa mfupi, na mabawa yana madoa safi ambayo hayajachakaa. Nimetega nyavu msimu mzima, nimekamata watu wazima watupu. Kiangazi cha kule ni kifupi, shemeji. Anayechelewa hukuta wadudu wamekwisha na baridi iko njiani. Kundi lile unaloliona nje ni la wazee. Tunalihifadhi mpaka liishe.”

Jefwa alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena. “Hilo ni la ndege,” alisema. “Na la Mama, je?”

Haluwa alijua litafika hapo. Bi. Dzame, mama yake Jefwa na mama mkwe wake yeye, alikwisha kuhamishwa na maji mara mbili. Kijiji chake cha kwanza sasa kilikuwa chini ya bahari pamoja na makaburi yake. Cha pili kilikuwa kambi ya Mamlaka, safu za vyumba vya bati ambamo Jefwa alikulia. Chanamamba kilikuwa kipande cha kwanza cha ardhi alichokubali kupanda mnazi, kwa sababu mikoko ilikuwa mbele yake na mawimbi yalifika mlangoni yamechoka.

“Ameniambia wakija tena, watamtoa amelala kwenye ubao,” alisema Jefwa. “Na yule mama hasemi kwa kupamba.”

“Najua hasemi kwa kupamba.”

“Basi?”

“Nipe ufunguo wako.”

“Sikupi.”

“Jefwa.”

“Sikupi, shemeji. Ufunguo si wangu. Nikikupa leo, kesho nitasimama mbele ya watu niwaambie nini? Kwamba sululu alipulizwa kifua, kwa hiyo fungeni virago?”

Alitoka akaenda zake kwenye daraja, kwa hatua za mtu anayeogopa kuitwa. Haluwa hakumwita.

Kwa kweli hakuuhitaji ufunguo. Yeye ndiye aliyelisuka lile taji la shaba, na alijua waya upi ukikatwa mawimbi yangekufa, na hakuna fundi mwingine pwani nzima ambaye angejua kwa nini. Koleo lilikuwa mezani. Alilishika. Akaiwaza siku ile kijiji kilipozigawa funguo: watu waliompigia makofi, halafu, bila aibu, wakamwambia hawezi kukaa nazo zote. Alikuwa amefurahi siku ile. Aliona wamemwelewa.

Alilirudisha koleo mezani. Akatoka nje na kumwachia ndege kwenye nyasi. Sululu alisimama akijikung’uta, akakimbia hatua chache, akaruka, akaanguka, na kuanza kuzunguka.

3

Mkaguzi aliitwa Bwana Muthengi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, asiyependa tope, na alitembea juu ya daraja kama paka anayevuka dimbwi. Begani alibeba mashine yake, jicho la kuhesabia, na alipofika kibandani aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu kwa mapenzi ya mtu anayemsimamisha mtoto dede.

“Ule ni wa simu?” aliuliza, akitazama mlingoti.

“Wa mawasiliano,” alisema Jefwa.

“Mnawasiliana na nani?”

“Na kila anayesikiliza, Bwana Mkaguzi.”

Muthengi alimwangalia kidogo, kisha akatabasamu. Haluwa akaona kwamba mtu huyu hakuwa mjinga.

“Bwana Mkaguzi,” alisema, “ungekuja Januari ungeona—”

“Januari huwa kwenye mabwawa ya bara.”

“Nataka kukueleza jambo kuhusu hawa ndege.”

Muthengi akainua macho kutoka kwenye mashine. Alisema polepole, bila ukali. “Bibi, ukiniambia kitu nitalazimika kukijua. Kazi yangu ni nyepesi. Maji yanapojaa nahesabu miguu iliyo kwenye tope. Ikitosha, naandika imetosha. Isipotosha, naandika haikutosha. Anayeruka simhesabu, kwa kuwa sijui ametoka wapi. Fikiri kwanza, halafu uniambie au usiniambie.”

Jefwa alikohoa. Haluwa akafikiri. Akisema, mkaguzi angeandika kwamba kinamasi kimeghushiwa, kijiji kingepotea, na ndege wangeendelea kuzunguka mpaka mtu apatikane wa kuuzima mlingoti kwa idhini. Akinyamaza, kijiji kingepona, na ndege wangezunguka hadi bamvua ijayo. Katika njia hizo mbili hapakuwa na hata moja iliyompeleka sululu mmoja kaskazini leo, wakati upepo wa kusi ulikuwa unavuma vizuri kutoka nyuma.

“Nitafikiri,” alisema.

Maji yalipanda. Yaliwasukuma ndege kutoka kwenye tope la mbali mpaka wakabanana kwenye ulimi wa mchanga mbele ya kibanda, mahali walipozoea kusubiri maji yapwe. Mashine ikaanza kulia kwa mlio mdogo. Ikanyamaza. Ikaanza tena.

“Ajabu,” Muthengi alinong’ona. “Haifungi hesabu. Inataka watulie.”

“Watatulia,” alisema Jefwa.

“Wana nini? Nimezunguka vinamasi vyote vya pwani hii. Maji yakijaa, ndege huwa wanalala kwa mguu mmoja.”

Alishuka kwenye jukwaa la chini na kuisogeza mashine yake karibu zaidi, akiisemesha kwa Kikamba.

4

“Njoo huku,” Haluwa alimwambia Jefwa.

“Sina la kusikia.”

“Sitasema kitu. Njoo utazame.”

Walipanda roshani ya juu, palipokuwa na sanduku la chuma lenye matundu mawili ya funguo. Haluwa akampa darubini yake mwenyewe, ile ya chuo, iliyokwaruzika.

“Nimewatazama hawa ndege miaka yote,” alisema Jefwa.

“Umetazama makundi. Hata mimi. Tunahesabu kumi, tunapima kumi nyingine kwa jicho, tunasonga mbele. Ndiyo kazi yetu. Mtazame mmoja. Yule wa mwisho kushoto, mwenye bawa lililokatika ncha. Usimwache.”

“Kwa muda gani?”

“Mpaka uchoke.”

Jefwa akaweka darubini machoni kwa ukaidi, kama mtu anayekunywa dawa ili aachwe. Haluwa alisimama pembeni. Hakumtazama ndege, alimtazama shemeji yake. Aliuona mdomo wake ukiwa umebanwa. Aliona kichwa chake kikianza kwenda na ndege: hatua chache kulia, kusimama, kuinuka kidogo, kushuka, kurudi kushoto. Kulia tena. Kusimama. Kuinuka. Kushuka. Chini yao mashine ililia na kunyamaza.

“Atachoka sasa,” alisema Jefwa.

Haluwa aliegemea sanduku.

“Kaa basi,” Jefwa alimwambia ndege. “Kaa chini, wewe.”

Ndege hakukaa. Jefwa aliendelea kutazama muda mrefu kuliko alivyotarajia yeyote kati yao. Aliposema tena, hakuiondoa darubini machoni.

“Kule kambini,” alisema, “nilikuwa na njia yangu kati ya safu ya vyumba na uzio. Nilikuwa nikienda na kurudi. Sikuwa natafuta kitu. Mama alikuwa akisema, ‘Jefwa, kaa, unanitia kizunguzungu.’ Nilikuwa nakaa. Miguu haikuwa inakaa.”

Akaishusha darubini. Macho yake yalikuwa na alama nyekundu kwa kuikandamiza.

“Wakituhamisha, nitarudi kwenye uzio ule ule,” alisema. “Unalijua hilo?”

“Nalijua. Nami nitakuwa upande wako wa uzio.”

“Hiyo si faraja, shemeji.”

“Si faraja. Sina faraja ya kukupa. Na nisikudanganye kwamba naijua njia nyingine.”

Jefwa alipapasa mfukoni. Ufunguo ulitoka ukiwa umefungwa kwenye kamba pamoja na kifungua chupa. Aliutia tunduni, akasubiri. Haluwa akatia wake.

“Mama utamwambia wewe,” alisema Jefwa.

“Tutamwambia wote.”

Wakazungusha.

Hapakutokea kitu. Mashine ya mkaguzi ililia chini yao, na upepo ukaendelea kusogeza majani ya mikoko. Haluwa aliwaza: pengine walikuwa wamechelewa, pengine jicho lililofichiwa kaskazini muda mrefu huisahau.

Halafu sululu mwenye bawa lililokatika akasimama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyeitwa kwa jina katikati ya soko. Jirani yake akasimama. Utulivu ukasambaa kutoka ndege hadi ndege mpaka ulimi wote wa mchanga ukawa umetulia, na vifua vyote vikawa vimeelekea upande mmoja, juu ya mikoko, mbali na bahari.

“Imefunga!” Muthengi aliita kutoka chini, kwa furaha ya kweli. “Imefunga hesabu! Mmetosha, na zaidi ya ku—”

Wakainuka.

Waliinuka kwa sauti ya nguo nzito inayochanwa, sululu kwanza na vitwitwi chini yao, wakapiga mluzi wao wa kurudiarudia mpaka kibanda kikatetemeka. Walizunguka ghuba mara moja, na Haluwa akaogopa kwamba ni ule mduara tu, umepandishwa angani. Kundi la mbele likajinyosha. Likawa mstari, mstari ukavunjika ukawa mabawa mawili, na mabawa yakaelekea kaskazini.

Muthengi alipanda ngazi akiwa ameiacha mashine yake. Alitazama angani, akatazama sanduku na funguo mbili ndani yake, akatazama mlingoti.

“Hesabu ya leo imefungwa,” alisema hatimaye. “Hiyo siwezi kuifuta. Lakini ya leo peke yake haitoshi, Bibi. Kesho nitahesabu tena, na keshokutwa, hadi bamvua ijayo.”

“Utakuta yangeyange,” alisema Haluwa. “Na ndege wadogo wa hapa hapa, chokowe kidogo.”

“Hawatatosha.”

“Hawatatosha.”

“Nami nitaandika hawakutosha.” Alisema hivyo kama mtu anayeomba radhi mapema. “Ila sasa niambie lile ulilotaka kuniambia. Lote. Nitalijua.”

Haluwa alimweleza, wakiwa wamesimama. Muthengi hakuahidi kitu. Aliuliza maswali mawili juu ya mafuta ya kifuani, kisha akaomba aonyeshwe jinsi ndege anavyopulizwa, na kwa kuwa hapakuwa na ndege wa kumwonyesha, Haluwa alipuliza kiganja chake kitupu.

Walirudi kijijini jua likiwa linakaribia mikoko. Tangu mbali Haluwa aliona kwamba mioto ya kumpikia mkaguzi ilikuwa imeachwa. Sufuria zilichemka zenyewe. Watu wote walikuwa nje ya nyumba, nyuso juu.

Bi. Dzame alikuwa mbele, amejifunga leso kiunoni, mwiko mkononi.

“Mmewaachia?” aliuliza.

“Tumewaachia, Mama,” alisema Haluwa.

“Nani aliyetia ufunguo?”

“Sote wawili,” alisema Jefwa.

Bi. Dzame alimtazama mwanawe, akamtazama mkaza mwanawe, akamtazama yule mgeni mrefu mwenye tope kwenye viatu. Hakupandisha sauti.

“Na sisi je?”

Jefwa akafungua mdomo. Lakini juu ya paa za makuti mstari mwingine ulikuwa ukija, wale waliochelewa kuinuka, chini kabisa, wakipiga mluzi kwa nguvu zote. Bi. Dzame akamshika mwanawe mkono.

“Ngoja,” alisema, akiwa amekwisha kuinua uso. “Wapite kwanza.”